Mjukuu Hajambo

Daktari alikwisha kumsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma, akawa anaandika, ndipo macho yake yalipotua kwenye mikono ya bibi aliyempakata mtoto. Vidole vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, ngozi imekauka ikawa nyeupe kama iliyopakwa unga.

"Mama, mikono hiyo ina nini?"

"Ina kazi," alijibu bibi.

Binti yake, mama wa mtoto, alimkanyaga mguu chini ya meza. Haikuwa siku ya mizaha. Hii ilikuwa mara ya tatu katika wiki tano kukalia viti vile. Mara ya kwanza waliambiwa ni mafua. Mara ya pili waliambiwa ni vumbi, wakapewa chupa ya dawa ya rangi ya waridi. Mtoto, mvulana wa miezi minne, aliendelea kuamka na macho mekundu yanayochuruzika machozi bila kilio, na kifua kikipiga filimbi kila anapovuta pumzi. Leo ilibidi wamwekee mashine ya mvuke nusu saa nzima ndipo midomo yake ikarudia rangi yake.

"Nyumbani kuna kitu gani kipya?" daktari aliuliza. "Rangi, zulia, godoro, fanicha, chochote."

"Chumba kizima ni kipya," binti alisema. "Baba alitujengea niliporudi kujifungua. Kuta kaziziba kwa mbao, akatengeneza kabati, kitanda cha mtoto, rafu za nguo. Kila kitu."

"Mbao gani?"

Binti alimgeukia mama yake.

"Za kiwandani," bibi alisema. "Za chenga, zile zinazoshindiliwa na gundi."

"Zina harufu?"

"Harufu ya upya tu."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliwaeleza taratibu, bila haraka, ingawa nje foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kwamba ile gundi ina dawa inaitwa fomaldehaidi. Kwamba mbao zikishakauka watu hudhani imekwisha, kumbe inaendelea kutoka kidogo kidogo, miezi, hata miaka, na joto likizidi inatoka zaidi. Haionekani. Mtu mzima atawashwa macho, atakereketwa koo, kisha atasema amezoea. Kifua cha mtoto mchanga hakijui kuzoea.

"Mtoeni kwenye hicho chumba leo hii. Si kesho."

"Lakini zina stika ya kijani, daktari," bibi alisema. "Imeandikwa kabisa, salama kwa matumizi ya nyumbani."

"Hizo stika anaweka nani?"

Bibi alimrekebisha mtoto kofia, ambayo haikuwa imepinda. Stika alikuwa anaziweka yeye.

Kiwandani walimwita Mama Stika, na jina likamfuata mpaka mtaani, hata mwenye duka la kona hakulijua jingine. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama meza ya mwisho, mstari wa pili. Mbao zilimfikia zikiwa bado na joto la mashine, naye akazifuta vumbi, akabandika duara la kijani pembeni, chini kulia, akazisukuma kwa wapakiaji. Macho yalimwasha miezi mitatu ya mwanzo, kisha yakaacha. Aliporudi nyumbani jioni, mumewe alimwambia ananukia kazi, na wote wawili walilichukua neno hilo kama sifa.

Mumewe alikuwa seremala, Fundi kwa kila mtu, hata kwa mkewe. Mfanyakazi wa kiwanda aliruhusiwa kununua mbao zenye kasoro kwa bei nafuu, na kwa mbao hizo Fundi alikuwa amejaza nyumba yao yote na nusu ya nyumba za mtaa. Chumba cha mjukuu kilimchukua wiki mbili. Alikipiga randa, akakipiga msasa, akawaita majirani waje kuona milango ya kabati inavyojifunga yenyewe. Alikuwa akimwita mjukuu wake "mwenzangu", kwa sababu bibi alimwita "mume wangu", na Fundi alisema katika nyumba yenye waume wawili lazima mkubwa ajenge.

Sasa alisimama katikati ya chumba hicho, penseli sikioni, akimsikiliza mkewe.

"Yaani kabati langu ndilo linamkaba mtoto?"

"Sio kabati, Fundi. Ni gundi."

"Gundi gani ipo bila kabati? Mimi nimelala na mbao hizi, nimekula juu yake, nimevuta vumbi lake miaka kumi. Nimekufa?"

Alitaka kuendelea, lakini kikohozi kilimshika palepale, kile kikohozi chake kikavu ambacho wote walikwisha kuacha kukisikia. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda cha mtoto. Binti alichukua nguo za mwanawe kwenye rafu moja baada ya nyingine, akazinusa, akaziweka kwenye beseni.

"Unanusa nini?" baba yake alimuuliza.

"Zinanukia rafu, baba."

Walimhamishia mtoto sebuleni, dirisha wazi mchana kutwa, na siku ya tatu filimbi ilipungua. Mama Stika alirudi kazini akiwa mwepesi. Siku ya tano mvua ilinyesha, wakafunga madirisha, na kabla ya chakula cha mchana filimbi ilikuwa imerudi. Binti alizunguka na mtoto begani akitafuta pa kukaa. Kabati la vyombo, meza, rafu ya televisheni, milango, dari. Nyumba nzima ilikuwa kazi ya mikono ya baba yake. Mwishowe alifungua mwavuli, akaenda kukaa barazani na mtoto, huku mvua ikimrushia miguuni, na Fundi akawaangalia kupitia dirisha.

Kiwandani palikuwa na mzee mmoja aliyechanganya gundi kwenye matangi. Walimwita Mpishi. Mama Stika alimfuata wakati wa chai, akamkuta ameketi juu ya pipa lililopinduliwa, akipuliza kikombe.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinizungushe."

"Unataka jibu la redioni au jibu la humu ndani?"

"La humu ndani. Hii gundi tunayotumia ndiyo ile nzuri, ile isiyotoa dawa?"

Mpishi alipuliza chai yake zaidi kuliko ilivyohitaji. "Gundi nzuri iliwahi kuja. Mapipa sita, mwaka ule wa wale wageni wenye makoti meupe. Tukapika mbao za kupimwa. Zikapimwa, zikafaulu, tukapigwa picha. Mapipa yakaisha."

"Na stika?"

"Stika hazikuisha. Zinachapwa kila mwezi, Mama Stika. Wewe ndiye unayezimaliza."

Alirudi kwenye meza yake. Mbao ziliendelea kuja, zenye joto, na yeye aliendelea kubandika, chini kulia, chini kulia. Alijaribu kuacha moja bila stika aone itakuwaje. Mpakiaji aliirudisha akicheka. "Mama, umesinzia?"

Saa tisa Msimamizi alimwita ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, asiyepaza sauti, na alimwita kila mwanamke aliyemzidi umri "mama yangu". Alimvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama yangu, umesikia habari za kanuni mpya?"

"Nasikia sikia."

"Ofisi ya viwango inataka kiwango cha ile dawa kwenye mbao kishushwe. Si mbao tu. Nguo zisizokunjika, dawa za kunyooshea nywele, gundi za zulia, vyote. Ni jambo zuri. Sisi hatupingi." Alitabasamu kuonyesha kwamba hawapingi. "Tatizo ni muda. Wanataka miezi sita. Gundi ya aina hiyo inabidi iagizwe, mashine zibadilishwe. Miezi sita ikipita, tunafunga mstari wa pili. Wewe uko mstari gani?"

"Wa pili."

"Unaona. Alhamisi kuna kikao cha kupokea maoni ya wananchi. Mabosi watasema, lakini mabosi wakisema watu hawasikii. Tunataka asimame mfanyakazi, mtu mzima, mwenye heshima zake." Alisukuma karatasi moja mezani, imepigwa chapa kwa herufi kubwa. "Ni ya kusoma tu. Dakika tatu."

Mama Stika aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Alitaka kumwambia kuhusu mjukuu. Alifungua kinywa.

"Mjukuu wangu anaumwa kifua," alisema.

"Pole sana, mama yangu. Hali ya hewa hii." Msimamizi alisimama kumfungulia mlango. "Ukimaliza Alhamisi, Ijumaa pumzika. Kaa naye."

Siku tatu zilizobaki mpaka Alhamisi, Mama Stika alizitumia kutunga sentensi moja. Aliitunga akiosha vyombo, akaitunga akifua, akaisema kimya kimya akipanda ngazi za kiwandani. Mheshimiwa, mimi ndiye ninayebandika hizo stika, na mjukuu wangu hawezi kupumua. Ilikuwa fupi, haikuhitaji karatasi. Kila alipoisema hadi mwisho, alimwona Fundi, ambaye tangu ile siku ya daktari hakupata kazi zaidi ya kurekebisha kiti cha jirani, na alijiona mwenyewe akirudi nyumbani saa nne asubuhi, amefukuzwa kazi, na binti akiuliza nauli ya hospitali itatoka wapi. Mume wa binti alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa barabara, na mshahara wake ulifika ulipopenda.

Jumatano jioni alimwonyesha Fundi ile karatasi. Fundi aliisoma mara mbili, akiisogeza mbali na macho.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

"Hicho ndicho unachoniambia?"

"Unataka nikuambie nini? Ukiisoma, mtoto anaumwa. Usipoisoma, mtoto anaumwa na hatuna dawa." Aliikunja akamrudishia. "Usimwonyeshe binti yako."

Ukumbi ulikuwa na viti vya kutosha, feni mbili, na meza ndefu yenye chupa za maji. Kiwanda kilileta wafanyakazi arobaini kwa basi, wote na fulana mpya za kijani. Upande wa pili walikaa watu wachache waliokuja kwa nafsi zao. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya bweni aliyeeleza jinsi wanafunzi wake walivyolia machozi mwezi mzima baada ya kuletewa vitanda vipya. Kulikuwa na msusi ambaye pua ilimtoka damu kila alipomnyoosha mteja nywele, na ambaye, baada ya kueleza hayo yote, aliomba dawa isipigwe marufuku kwa sababu ndiyo inayomlisha.

Mtaalamu wa ofisi ya viwango, mwanamume mwembamba mwenye miwani, alionyesha kifaa kidogo kama simu. Alikiweka ndani ya sanduku la mbao lililofungwa, akasubiri, akasoma namba kwa sauti. Namba ilikuwa kubwa mara nne ya ile inayopendekezwa. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama hiyo namba inanukia, ukumbi ukacheka, na mtaalamu akakirudisha kifaa chake mfukoni.

Mama Stika aliitwa wa saba. Fulana ilimbana kwapani. Alisoma karatasi yote, kwa sauti nzuri iliyomshangaza mwenyewe, bila kukosea hata neno "utekelezaji". Wafanyakazi wanaunga mkono afya. Wafanyakazi wanaomba muda. Familia sitini zinategemea mstari wa pili. Alipofika mwisho akawa bado amesimama, na ile sentensi yake imemjaa mdomoni, inasukuma meno.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama wa makamo, uso wa upole, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwasikiliza watu kwa kweli. Aliinama kwenye kipaza sauti.

"Ahsante sana, mama. Kabla hujaketi. Wewe mwenyewe nyumbani unazitumia mbao hizi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Mume wangu ni seremala. Nyumba yetu nzima ni mbao hizi. Hata chumba cha mjukuu wangu."

"Ah, una mjukuu."

"Wa kiume. Ndiye mume wangu sasa."

Ukumbi ulicheka, kicheko kizuri cha watu waliochoka na wataalamu. Mwenyekiti naye alicheka. Mama Stika alijisikia joto usoni, akaona hapa, hapa ndipo mahali pake, mlango umefunguliwa na mtu mwema, ni kuvuka tu.

"Na huyo mume hajambo?" Mwenyekiti aliuliza akitabasamu.

"Hajambo," alisema Mama Stika.

Lilitoka lenyewe. Lilitoka kama linavyotoka dukani, kisimani, njiani, watu wakiulizana habari za nyumbani na hakuna anayengoja jibu lingine. Mara elfu alilisema neno hilo huku nyumbani kuna mgonjwa, na mara elfu halikuwa uongo, lilikuwa salamu. Alifungua kinywa kuongeza. Lakini Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuandika, fulana arobaini za kijani zilikuwa zinapiga makofi, na kijana wa kipaza sauti alikuwa amenyoosha mkono kukichukua.

Ijumaa alipumzika, kama alivyoahidiwa. Jioni binti alienda duka la kona kununua maziwa, mtoto akiwa mgongoni. Redio ya mwenye duka ilikuwa juu ya friji. Habari zilipofika kwenye kikao, mwenye duka alinyanyua kidole kuomba wateja kimya, kwa maana alikuwa amesikia kipande hicho mchana.

"Msikilizeni Mama Stika huyo! Mtu wetu!"

Binti alisikia sauti ya mama yake ikisoma karatasi, wafanyakazi wanaomba muda, kisha ikisema nyumba yetu nzima ni mbao hizi. Alisikia kicheko. Alisikia swali, akasikia jibu. Kisha mtangazaji akasema kwamba wawakilishi wa wafanyakazi walithibitisha kutoona madhara yoyote majumbani mwao.

"Mama yako amesema vizuri," mteja mmoja alimwambia. "Hana woga." Akamshika mtoto shavu. "Na huyu ndiye mume mwenyewe!"

Mgongoni mtoto alikuwa akipiga filimbi. Mwenye duka alidhani amelala anakoroma, akapunguza redio.

Binti aliporudi hakupiga kelele. Aliweka maziwa mezani, akamkabidhi baba yake mtoto, akaingia kile chumba kipya, akaanza kutoa nguo kwenye kabati. Milango ilijifunga yenyewe kila alipogeuka, akawa anaifungua upya.

"Mwanangu," Mama Stika alisema kutoka mlangoni.

"Naenda kwa wifi yangu. Kwake sakafu ni saruji na kitanda ni cha chuma."

"Kwa wifi yako ni chumba kimoja."

"Kinatosha."

"Walinishtukiza na swali. Nilitaka kusema. Nilikuwa naanza kusema."

Binti alifunga mkoba. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaonekana mdogo, kama siku alizokuwa akigoma kwenda shule.

"Mama, sikulaumu kwa karatasi. Karatasi hata mimi ningesoma. Tunakula hapo. Lakini alikuuliza habari za mwanangu. Hakuuliza habari za kiwanda. Aliuliza mwanangu yukoje."

Fundi, sebuleni, alikuwa amemsogeza mtoto dirishani, amemtoa kichwa nje kidogo, anamwambia, "Vuta mwenzangu, vuta hewa, hii ya bure."

Baada ya miezi miwili kanuni zilipita. Ilitangazwa kwamba ni ushindi kwa afya ya wananchi. Kiwango kilishushwa kama mtaalamu mwembamba alivyotaka. Ila kutokana na maoni yaliyopokelewa, kingeanza kutumika baada ya miaka mitatu, na mali yote iliyokwisha kutengenezwa ingeruhusiwa kuuzwa mpaka iishe.

"Kwa hiyo tutatengeneza sana," Mpishi alisema akipuliza chai.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mashine zilikimbizwa, zamu ikaongezwa saa mbili, na stika zikaja katoni kwa katoni. Picha ya Mama Stika akiwa na kipaza sauti ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na saa ya ukutani. Msimamizi alimpa mkono mbele ya watu. Wenzake wa mstari wa pili walimshukuru kwa dhati, na mmoja, mwenye watoto watano, alimshika mikono yote miwili, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko picha.

Nyumbani Fundi alikibomoa kile chumba. Kuta alizivua ubao mmoja mmoja, akaziegemeza nje. Kuchoma hakuweza, daktari alikwisha kusema moshi wake ni mbaya zaidi. Gari la taka lilikataa kuzibeba. Kitanda cha mtoto na kabati alivitoa barazani vipigwe upepo, na wiki haikuisha akaja kijana na mkewe mwenye mimba kubwa, wameambiwa kuna seremala ana vitu vizuri.

Mke alifungua mlango wa kabati, ukajifunga wenyewe, akacheka kwa furaha. Akaingiza kichwa ndani akanusa.

"Dada," Mama Stika alisema. Alikuwa amesimama na ndoo ya maji, hajaiweka chini. "Hizo zinatoa dawa. Si nzuri kwa mtoto mchanga."

Kijana alimtazama Fundi. Fundi alitazama mikono yake.

"Dawa gani?" mke aliuliza.

"Ya gundi. Daktari alituambia."

Mke aliinama akapangusa vumbi kwa kidole, chini kulia. "Mbona imeandikwa salama?" Alisema hivyo kwa huruma kidogo, kama mtu anayemfahamisha mzee asiyejua kusoma. "Hiyo ni harufu ya upya tu, mama. Itaisha."

"Mnasikia anavyosema," Fundi aliwaambia kwa sauti ndogo. "Mimi siwazuii kununua wala siwalazimishi."

Walinunua vyote viwili. Fundi aliwasaidia kuvipakia kwenye mkokoteni, akavifunga kamba vizuri visikwaruzike njiani. Pesa aliziweka juu ya meza, na kesho yake Mama Stika alizipeleka kununua kile kifaa cha mvuke ambacho daktari alisema mtoto atahitaji kuwa nacho nyumbani, si mwaka huu tu, kwa sababu kifua chake ndiyo kimekwisha kuwa hivyo.

Alikipeleka Jumapili. Kwa wifi palikuwa na uwanja mdogo wa saruji, kamba ya nguo, na viti viwili vya plastiki. Binti alimpokea vizuri, akamshukuru, akamletea chai. Mama Stika alikuwa ameoga mara mbili na kuvaa gauni alilolitunza kwa jirani lisishike harufu. Alimbeba mjukuu saa nzima, akamwimbia, mtoto akamshika pua. Kufika magharibi, amekwisha kurudi kwake, binti alimpigia simu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba filimbi imerudi, wamemwekea mvuke, sasa ametulia.

"Labda ni baridi," binti alisema.

"Labda," alisema Mama Stika.

Alipokata simu alikaa akivuta mshipi wa gauni lake puani, akinusa. Hakusikia chochote. Hapo ndipo alipotambua kwamba yeye hangeweza kujua tena. Huenda ilikuwa baridi kweli. Huenda ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye ngozi, kwenye pumzi.

Jumapili zilizofuata alikwenda, ila hakumbeba. Alisema mgongo unauma. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, mbali kidogo, akamwangalia binti akianika nguo na mtoto akicheza juu ya mkeka. Walizungumza habari za kazi, za baba, za mumewe ambaye angekuja mwisho wa mwezi. Mtoto alifikisha miezi saba, akajifunza kukaa. Akafikisha minane, akajifunza kutambaa.

Siku hiyo alishuka kwenye mkeka akaelekea getini, magoti yakipiga saruji, macho yamemkazia bibi yake, kifua kikifanya mlio wake mdogo ambao sasa walikuwa wameuzoea. Mama Stika alimwacha asogee mpaka hatua mbili. Kisha aliinuka, akavuta kiti nyuma, akaketi tena.

Mtoto aliacha kutambaa, akashangaa. Akaanza upya. Alipokaribia kushika gauni, bibi aliinuka akavuta kiti tena, miguu ya plastiki ikakwaruza sakafu, na mtoto akacheka kwa sauti, kwa maana sasa alikuwa ameuelewa mchezo. Akatambaa haraka zaidi. Binti alisimama na nguo mbichi mkononi, akiwatazama, akataka kusema mama, mshike tu, na hakusema.

Kiti kiligonga geti. Mama Stika hakuwa tena na mahali pa kusogea nyuma. Alifungua komeo kwa mkono wa nyuma, akatoka, akafunga geti, akachuchumaa upande wa barabarani. Mtoto alifika akashika vyuma kwa mikono yote miwili, akachungulia, akicheka, akimngoja bibi yake afanye tena.